Mgeni Asiyejaza Muda wa Kuondoka

Salamu yako ingeweza kukaa bila jibu hata dakika nzima. Ungesimama mlangoni, ukasema, "Shikamoo, Mtendaji," naye angekutazama juu ya miwani, kisha akanyoosha kidole kwenye meza ndogo kando ya mlango, palipokuwa na kitabu cha wageni na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

"Umesaini?"

Mpaka ujaze tarehe, jina, utokako, madhumuni na sahihi, ndipo aseme, "Marahaba," kama mtu ambaye marahaba hiyo alikuwa nayo mdomoni muda wote.

Alikuwa Afisa Mtendaji wa Kata, katika kata moja ya Newala, upande wa Chilangala. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya utawala wa umma, nimepelekwa kwake kwa mafunzo ya vitendo, fildi kama tulivyoiita wenyewe. Nilipanda kule juu kwenye baridi nikitokea kwetu Nanganga, mtoto wa bondeni nisiye na sweta, na moyoni nilijiambia nakwenda kupoteza wiki nane. Wenzangu walikuwa wamepata wizara na mashirika. Mimi nimepata ofisi ya vyumba viwili, bati limeshika kutu, na mzee mwenye shati lililopigwa pasi na kufungwa vifungo mpaka shingoni.

Jina lake nalijua, ila silitaji, na si kwa kumficha. Mwenyewe hakupenda litumike. "Jina ni la kwangu, cheo ni cha watu," alisema. "Anayekuja hapa hamtafuti mtoto wa fulani." Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, sikuuliza na hakusema. Yeye naye hakuwahi kuniita kwa jina langu. Niliitwa Mwanachuo, kama walivyoitwa wote walionitangulia.

Kitabu cha wageni kipo kila ofisi ya serikali nchi hii, na watu husaini kwa mazoea tu, hata hawasomi. Chake kilikuwa na safu moja ya ziada, aliyoichora mwenyewe kwa rula na penseli ukingoni mwa kila ukurasa: Muda wa Kuondoka. Hakuna waraka wowote uliomwagiza. Alibuni mwenyewe na akaisimamia kama sheria. Karani wake, Mama Shakila, alinisimulia kuhusu mgeni mmoja mkubwa aliyepanda gari lake akaondoka bila kujaza safu hiyo. Mtendaji alichukua baiskeli, akakiweka kitabu kifuani ndani ya koti, akamfuata hadi Mnyambe. Alimkuta anakula. Akasubiri nje mpaka anawe mikono, kisha akamfungulia ukurasa. Mgeni alicheka sana, lakini alijaza.

Nilimuuliza kisa hicho kama ni kweli. Hakucheka.

"Mgeni asiyejaza muda wa kuondoka bado yupo," alisema. "Kitabu ndivyo kinavyosema. Sasa mimi nitafungaje ofisi na mtu yumo ndani?"

Wahenga wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Yeye alipenda kuongeza, "Na watu pia."

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa kabla sijapata pa kukaa. Aliniwekea mbele boksi la karatasi zilizochanganyika, kamba, na kalamu nyekundu, akanifundisha kwamba kila karatasi inayoingia kwenye jalada hupewa namba yake ya folio, juu, pembe ya kulia, na ikishaingia haitoki. Mtu akija kumwambia jambo la njiani, alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwambia aende akaliandike. "Mdomo hauna folio," alisema. Chuoni nilikuwa nimekariri nadharia za utawala kwa majina ya waliozitunga. Kwake nilikaa siku nne najifunza kutoboa karatasi mahali pamoja.

Dokezo langu la kwanza, ile taarifa fupi ya ofisini yenye mapendekezo, alilirudisha mara sita. Mara ya kwanza alipigia mstari maneno "wananchi wengi", akaandika pembeni: Umewahesabu? Nikaenda kuwahesabu, jua linawaka, wakatoka kumi na watatu. Mara ya sita aliniita nikae.

"Mambo yote mazuri, Mwanachuo. Lakini angalia mapendekezo yako. Unasema kisima kifanyiwe ukarabati. Na nani? Lini? Kwa gharama ya nani?"

"Sijaandika, Mtendaji."

"Pendekezo lisilosema hayo si pendekezo. Ni dua. Na dua mahali pake ni msikitini na kanisani, huko inapokelewa. Hapa ofisini haipokelewi."

Nilikwenda nyuma ya ofisi nikalia kidogo kwa hasira. Nikarudi nikaandika mara ya saba.

Kichekesho chake kikubwa kilikuwa lugha. Yeye ni Mmakonde, na shambani alikuwa akiongea Chimakonde na kila anayepita njia, kwa sauti na vicheko. Lakini akishavuka kizingiti cha ofisi, hakielewi. Siku moja alikuja bibi mwenye kesi ya mpaka wa mikorosho, akamwaga maelezo yake kwa Chimakonde mfululizo, mikono inaonyesha mti huu na ule. Mtendaji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Mama Shakila.

"Anasemaje?"

Bibi alishtuka mpaka akasahau hasira, Kiswahili kikamtoka chenyewe. "Ntendaji! Jana si tumeongea mie na wewe Chimakonde hichihichi, njia ya shamba? Leo umekuwa nzungu?"

"Jana nilikuwa mkulima, bibi. Mama Shakila, tafsiri."

Mama Shakila akatafsiri, na kwa huruma yake akasema bibi ameumia sana. Kalamu ya Mtendaji ikasimama. "Hakusema sana," alimsahihisha. "Amesema ameumia." Tulicheka wote, hata bibi, na yeye peke yake ndiye aliyebaki na uso wa kazi. Baadaye alinieleza. "Nikielewa Chimakonde ofisini," alisema, "Mmakua naye atataka nielewe Kimakua, na Myao Kiyao, na sivijui. Basi bora wote tuwe wageni sawasawa." Nami, Mmakua na mtani wake, nilitaka kumtania kwamba Mmakonde gani huyo anayeogopa lugha ya mama yake, lakini utani nao haukuingia ofisini.

Kuhusu chakula alikuwa mgumu zaidi. Alipenda ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa, kuliko kitu chochote. Kuna mama alilijua hilo, akamletea bakuli limefunikwa kitambaa safi, la shukrani tu, kesi yake ilikwisha zamani. Mtendaji alilirudisha kama lilivyo pamoja na barua, nami ndiye niliyeiandika: Yah: Kurejesha Bakuli. Jioni yake nikamwona gengeni kwa mama yuleyule akinunua ming'oko bila kuomba nyongeza, kisha akaenda kuila peke yake nyuma ya nyumba.

"Nikila kwa huyu," alisema, "kesho yule atasema nimeshiba upande mmoja."

Na hakuvunja mwiko huo hata kwenye msiba. Alikuwa wa kwanza kufika. Alichimba kaburi, alibeba, alitoa pole. Lakini watu wakishakaa mkekani na masinia yakaanza kupita, alishaondoka. Harusini hivyohivyo. Mwanzoni walimbembeleza, baadaye wakamzoea, na mwisho wakaacha kumwalika, wakisema mwacheni Mtendaji na kazi yake. Walimheshimu mpaka wakamwacha peke yake. Mke wake alikuwa amefariki kabla sijafika, na watoto walikuwa Dar es Salaam. Nilikuwa nikipita nyumbani kwake saa kumi na moja jioni naona moshi wa jiko moja, sufuria moja, kiti kimoja nje. Nilimwonea huruma, ila kwa umri ule huruma yangu ilikuwa ya kupita.

Sisi wa vyuo vikuu alitudharau waziwazi. "Nyie mnajua sababu kumi za serikali za mitaa kushindwa," alisema, "lakini fundo la kamba ya jalada linawashinda." Mwenyewe alikuwa na cheti tu, cha mafunzo ya utawala wa serikali za mitaa, basi. Lakini siku moja nikitafuta wino kwenye droo yake niliona jalada jembamba. Ndani kulikuwa na barua mbili za kukubaliwa kusoma shahada kwa njia ya masafa, zimepishana miaka, zote zina folio nyekundu pembeni. Chini ya ile ya kwanza alikuwa ameandika kwamba ameacha, mke anaugua. Chini ya ile ya pili, kwamba ameacha, amemzika. Nililirudisha jalada mahali pake wala sikusema.

Wiki ile ile, mchana, tukiwa tumekaa barazani, aliniuliza bila kunitazama: "Hivi mkikaa kwenye ule ukumbi wenu, mhadhiri anakuwa mbali kiasi gani?"

Nikatafuta cha kupimia. "Kama kutoka hapa mpaka ule mkorosho, Mtendaji."

"Na mnamsikia?"

"Ana kipaza sauti."

Aliutazama ule mkorosho kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani kuendelea na kazi.

Siku yangu ya mwisho alinijazia fomu ya tathmini kwa mwandiko wake wa kusimama, akanipa alama ambazo sikutegemea. Kisha akafungua kabati, akatoa jalada jipya kabisa. Juu yake alikuwa ameandika: Ripoti za Wanachuo. Lilikuwa tupu.

"Wote waliopita hapa niliwaomba kitu kimoja," alisema. "Mkienda huko mtaandika utafiti, na utajaladiwa, utawekwa maktaba ya chuo kikuu. Basi mniletee nakala moja. Nione kazi ya hapa inaonekanaje ikiandikwa huko. Hawajaleta. Labda wametingwa."

"Mimi nitaleta, Mtendaji."

"Umesema kwa mdomo," alisema, na nusura atabasamu.

Utafiti wangu ulihusu ofisi yake. Kila kilicho kizuri ndani yake kilitoka kwake: mfumo wa majalada, kitabu cha wageni, namna ya kusikiliza kesi. Nilimwita mhojiwa namba moja. Na kwenye sura ya mwisho, pendekezo la tatu, niliandika kwamba nafasi za utendaji wa kata zipewe wahitimu wa vyuo vikuu, na waliopo wasio na shahada waondolewe. Kwa nini niliandika? Vitabu nilivyosoma vilisema hivyo, msimamizi wangu alilipenda, nami nilikuwa namaliza chuo na nilitaka kazi. Asante ya punda ni mateke. Nilipata alama ya juu, na nilipokwenda kuichukua nakala yangu, imejaladiwa kwa herufi za dhahabu, nikafungua ukurasa ule na kujua kwamba sitaweza kuipeleka Newala.

Haikupita miaka mingi, utaratibu ukabadilika, nafasi ile ikawa ya wenye shahada, naye akaambiwa apumzike kabla ya wakati wake. Ripoti yangu haikuhusika. Hakuna aliyeisoma, ipo maktaba inakula vumbi, hilo nalijua vizuri. Lakini maneno yale niliyaandika mimi, kwa mkono ambao yeye ndiye aliyeufundisha kuandika.

Siku hizi ni mkufunzi wa utawala. Nafundisha dokezo, jalada, folio. Nawaambia wanafunzi kwamba pendekezo lisilo na nani, lini na gharama ni dua, nao wanacheka, wanaandika. Mwaka jana binti mmoja aliniuliza nilijifunzia wapi maneno hayo. Nikajibu, "Chuoni." Nilirudi nyumbani siku hiyo sina raha.

Halafu nikakutana na Mama Shakila stendi ya Masasi, ana kapu lake la kunde. Tulisalimiana, tukaulizana watoto. Nikamuuliza habari za Mtendaji.

"Yupo. Macho ndiyo yanakwisha, ntoto wa jicho. Ofisini hafiki tena. Kila nikienda kunsalimia ananiuliza, wale wanachuo hawajaleta kitabu chao?" Akanishika mkono. "Mwanangu, nenda. Na ukienda beba kalamu, ile ya kwake imekwisha wino."

Nilikwenda wiki hiyohiyo, asubuhi, ukungu bado umeshika mikorosho. Nyumba ilikuwa ileile, mfereji wa bati unadondosha maji kwenye kisima cha mvua. Mlango ulikuwa wazi. Yeye alikuwa amekaa ndani, sweta juu ya shati, vifungo mpaka shingoni.

"Shikamoo, Mtendaji."

Aligeuza uso kuelekea sauti. Macho yalikuwa na ukungu mweupe. Kidole kikanyooka kwenye meza ndogo kando ya mlango.

"Umesaini?"

Kitabu kilikuwapo, cha nyumbani sasa, na safu yake ya penseli ukingoni. Nikafungua nitafute mstari mtupu, na mwandiko niliouona ulikuwa wake, unapanda na kushuka nje ya mistari. Jina lake. Atokako: shambani. Madhumuni: kupumzika. Mstari wa chini, jina lake. Atokako: msikitini. Madhumuni: kula. Mstari wa chini, jina lake. Atokako: sokoni. Kila alipoingia nyumbani kwake alisaini, na kila alipotoka alijaza muda wa kuondoka. Nikafunua ukurasa wa nyuma, na wa nyuma yake. Mama Shakila alikuwapo mara mbili. Muuza ming'oko mara moja, madhumuni: kuuza. Waliobaki wote walikuwa yeye.

"Kuna kasoro?" aliuliza, maana alisikia kurasa zikifunuliwa.

"Hapana, Mtendaji."

"Mwenye nyumba naye anaingia na kutoka," alisema. "Si vizuri kitabu kikae bila kazi."

Nikasaini kwa kalamu niliyokuja nayo. Kwenye madhumuni nikaandika: kuwasilisha ripoti. Nikamsomea kwa sauti nilichoandika. Akavuta pumzi.

"Marahaba, Mwanachuo."

Nilimpa ripoti mkononi. Alilipapasa jalada lake, akapitisha kidole kwenye herufi za dhahabu, akaupima unene wake kwa kidole gumba. Akainusa. Kisha akanirudishia.

"Nisomee mapendekezo. Mwandishi utamjua kwa mapendekezo."

Nikafungua. Nikasoma la kwanza, kuhusu majalada. La pili, kuhusu vitabu vya wageni, kwamba kila ofisi iongeze safu ya muda wa kuondoka. Akatikisa kichwa kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni pake. Halafu macho yangu yakafika la tatu. Ningeweza kuliruka. Yeye haoni, na nyumba nzima hapakuwa na mtu mwingine. Ningesoma la nne, naye angefurahi, nami ningeondoka mwanafunzi mwema. Nikakumbuka kwamba karatasi ikishaingia haitoki.

Nikasoma la tatu.

Tone la maji lilidondoka kisimani, na jingine.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Nani atawaondoa?" aliuliza. "Lini? Na kwa gharama ya nani?"

"Haijasema, Mtendaji."

"Basi hiyo ni dua." Akagusa kifungo cha shingoni. "Na imepokelewa."

Nililia, safari hii sikwenda nyuma ya ofisi. Yeye alisubiri, kama alivyowasubiri wote waliokuja kulia mbele yake kwa miaka mingi, bila kunigusa, bila kunihimiza.

"Nisamehe, Baba."

"Ungeileta mapema," alisema polepole, "ningekurudishia ukaandike upya. Hata mara saba. Kosa lako ni hilo." Kisha, "Aliyeshika kiti changu ni kijana mzuri. Ana shahada. Fundo la kamba ndiyo bado." Akanyanyuka, akapapasa mpaka kabatini, akarudi na lile jalada. Bado lilikuwa tupu. "Una kalamu nyekundu?"

Nilikuwa nayo. Sisi wakufunzi hatukosi. Nikaiweka ndani, nikafunga kamba kwa fundo lake, nikaandika 1 juu, pembe ya kulia, na yeye akapitisha kidole pale kama anahakikisha.

Kwenye sufuria kulikuwa na ming'oko. Aliweka sahani moja katikati yetu. Nilimtazama, nikasita.

"Kula," alisema. "Siku hizi naweza kushiba upande wowote."

Tulikula mpaka ikaisha. Aliniuliza wanafunzi wangu wangapi, wanakaa mbali kiasi gani, nami nina kipaza sauti au sina. Nikamwambia sina, napaza tu. Hilo lilimpendeza.

Bodaboda ilipopiga honi nje nilisimama, nikaenda kwenye meza ndogo, nikakishika kitabu na kutazama saa. Sikusikia hatua zake. Niliona tu mkono wake ukishuka juu ya ukurasa, mkono mkavu wa mkulima, ukaifunika ile safu aliyoichora kwa penseli.

"Acha wazi," alisema.

"Lakini Mtendaji, nisipojaza, kitabu kitasema bado..."

"Najua kitasema nini."

Nikaiacha kalamu yangu mezani, nikatoka.